Kabla ya kubadilisha ARV za mtu aliyepandikizwa figo

Mwenye VVU aliyepandikizwa figo humeza takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, juu ya ARV zake. Msumbufu ni takrolimasi: ini huivunja kwa kimeng'enya ambacho dawa nyingine nyingi hukiziba au kukichochea. Kwa hiyo usiguse ARV kabla ya kuongea na daktari wa figo.

Akiwa kwenye TLD (kidonge cha tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri), kama walivyo wengi Uganda, dolutegraviri haisumbui takrolimasi. Hupandisha kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, kidogo katika wiki 4 za kwanza, kisha inatulia, na figo haijaumia. Ikiendelea kupanda, usiisingizie dolutegraviri. Tenofoviri ndiyo inayoweza kudhuru figo. Ukitaka kuitoa na kuweka abakaviri, ARV nyingine, pima kwanza homa ya ini B, maana virusi vyake huweza kuamka tenofoviri ikiondoka.

Hatari kubwa iko kwa walio kwenye ARV za mstari wa pili (zinazotolewa za kwanza zikishindwa) wanaotumia ritonaviri, ambayo hukiziba kimeng'enya hicho. Aliyekuwa akimeza takrolimasi miligramu 3 asubuhi na jioni anaweza kutoshwa na nusu miligramu kwa wiki nzima. Ukianza ritonaviri bila kushusha dozi, mikono hutetemeka, potasiamu hupanda na figo hupata sumu. Ukiiondoa bila kupandisha, kiwango huporomoka baada ya siku chache na mwili huanza kuikataa figo.

Rifampisini ya TB hufanya kinyume: hushusha takrolimasi vibaya sana, na dolutegraviri nayo lazima iwe miligramu 50 mara mbili kwa siku. Rifabutini, ya jamii hiyo hiyo, ikipatikana, huisumbua takrolimasi kidogo zaidi. Muulize pia amenunua nini duka la dawa: flukonazoli ya fangasi na klarithromaisini ya bakteria hupandisha takrolimasi, na balungi vilevile.

Damu ya kupima kiwango cha takrolimasi ichukuliwe baada ya kupita saa 12 tangu dozi ya mwisho. Aliyemeza saa mbili usiku apimwe saa mbili asubuhi, dozi ya asubuhi ikiwa bado mfukoni. Anayetoka Mbale au Arua kwa basi mara nyingi huimeza njiani asichelewe. Majibu yatasoma juu kwa uongo, na ukishusha dozi kwa hayo umekosea. Muulize saa aliyomeza, iandike kwenye fomu. Baada ya badiliko lolote pima tena ndani ya siku 3 hadi 5, na uendelee mpaka kiwango kitulie. Rifampisini ikianza au ikikoma, hesabu wiki kadhaa za kupima hivyo.