Ombi la adabu kwa Kijerumani: kiache kitenzi mwishoni

Unapomwomba jambo mtu usiyemzoea kwa Kijerumani, anza na "Könnten Sie" (je, ungeweza, kwa heshima), taja unachokitaka, kisha kiache kitenzi chenyewe mwishoni kabisa: "Könnten Sie bitte das Fenster aufmachen?" (Tafadhali, ungeweza kufungua dirisha?) Mpangilio huu hurahisisha kazi kwa sababu kitenzi kisaidizi, "Könnten", ndicho kinachobeba nafsi na adabu, hivyo kitenzi kikuu hubaki katika umbo lake la kamusi, na hata vitenzi vinavyogawanyika, kama hicho "aufmachen" ambacho katika amri huwa "Machen Sie das Fenster auf", hubaki vizima. Nukta mbili juu ya herufi o zisipuuzwe, kwani "konnten" ni wakati uliopita, na ombi lako litageuka kuwa swali la iwapo mtu aliweza kufungua dirisha. Kwa rafiki au mtoto, "Sie", yaani "wewe" ya heshima, husikika baridi. Sema "Könntest du". Kwenye duka la mikate, muundo huu ni mrefu bila sababu: "Ich hätte gern zwei Brötchen" (ningependa mikate midogo miwili) inatosha, wala haihitaji kitenzi cha pili, ila ukiagiza kahawa ni "einen Kaffee", si "ein Kaffee".