Visu vya kukunja vya zamani: jinsi ya kuvipata, kuvitunza na kuvitumia ukiwa Tabora

Kisu changu cha kwanza cha kukunja alinipa babu mzaa mama kule Sikonge, alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki, na hicho kisu ndo alikuwa anakatia kila kitu, kamba za magome, miwa, embe, hadi kucha. Ni Okapi, ile yenye mpini wa mbao wenye nyota na mwezi wa bati, ukiifungua inalia kra-kra-kra na ukitaka kufunga lazima uvute kapete ka nyuma. Leo ninavyo kumi na kimoja na vyote vinakata, sina hata kimoja cha kuangalia tu. Kama na wewe unataka kuanza nakwambia mapema, usikimbilie wingi, tafuta vitatu vinne vizuri uvizoee kwanza.

Majina machache uyajue ili usipite kitu kizuri sokoni bila kukijua. Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, na sisi huku tulikuwa mojawapo, kwa hiyo usishangae kukuta mzee wa kijijini ana ya zamani sana. Toka 1988 zinatengenezwa Afrika Kusini. Ukikuta bapa, yaani ile sehemu ya chuma inayokata, limeandikwa Solingen, huo ni mji wa visu wa Ujerumani, na toka 1938 jina hilo linalindwa kisheria. Opinel ni ya Ufaransa, mpini wa mbao wa duara, kwenye bapa ina alama ya mkono wenye vidole vitatu na taji juu, ile pete ya chuma ya kuzungusha ili bapa lisijifunge kwenye vidole vyako iliongezwa 1955, na namba 8 ndo saizi ya mfukoni hasa, bapa sentimita 8 na nusu. Victorinox za Uswisi wengi mnazijua, zile nyekundu zenye msalaba.

Sasa pa kutafutia. Mitumbani pale kwenye mafungu ya vyuma chakavu, kwa mafundi baiskeli, kwa mafundi viatu, ila hazina kubwa iko kwa wazee, na kwa mzee usianze na bei hata siku moja. Msalimie, kaa, muulize hicho kisu kakipata wapi na amekifanyia kazi gani, mara nyingi hiyo stori ina thamani kuliko kisu chenyewe, mi huwa naiandika kwenye daftari na jina la kijiji. Akisema hauzi, shukuru uondoke. Kuna mzee huko njia ya Urambo nilienda kumsalimia mara tatu bila kugusia bei tena, ya nne akaniita mwenyewe akasema mjukuu wangu chukua, mimi macho yameisha.

Ukikishika mkononi kikague hivi. Fungua taratibu usikie springi ya mgongoni, kisu kisicho na loki kinashikwa na hiyo springi tu kwa hiyo iwe na nguvu na kikifunga kilie tak, kikiwa kinalegea kama bawaba ya mlango achana nacho. Shika bapa utikise kushoto kulia, kucheza kidogo sana fundi anaweza kugonga pini, ile inayoshika bapa kwenye mpini, likakaza. Angalia bapa likifungwa linakaa katikati au linakwangua upande. Halafu angalia limeliwa kiasi gani, maana kisu kilichonolewa miaka thelathini kinabaki chembamba kama jani la mchaichai, kina sura nzuri lakini kazi hakiwezi tena. Kutu ya juujuu isikutishe, kutu iliyochimba mashimo karibu na makali ndo mbaya.

Kusafisha: tone la mafuta ya cherehani kwenye pini, acha usiku mzima, asubuhi fungua funga mpaka uchafu utoke, futa, rudia. Bapa sugua na stiliwaya laini yenye mafuta hayohayo. Tafadhali usipeleke kwa fundi mwenye grainda! Kuna mmoja alinichukulia kisu akanirudishia kinang'aa kama kioo lakini makali yamegeuka rangi ya bluu, ikifika hapo ujue chuma kimepata moto, ugumu umetoka, na mpaka leo ukikinoa asubuhi jioni ni butu. Iliniuma sana kwa sababu kilikuwa cha Solingen.

Kunoa ni kwa jiwe na maji na subira. Laza bapa kwenye jiwe kama nyuzi 20, yaani kwa kisu cha mfukoni nyanyua mgongo wake kama unene wa sarafu tatu hivi zikiwa zimepangana, sukuma kama unakwangua jiwe, upande mmoja mpaka usikie kwa kidole kijichuma chembamba kama unywele kimejikunja upande wa pili, ndo ugeuze. Malizia kwenye mkanda wa zamani wa ngozi, ukivuta kurudi nyuma sio mbele. Jaribia kwenye nyanya, ikikatika kwa uzito wa kisu peke yake umeweza.

Mbao ya mpini ipake nta ya nyuki, na hapa Tabora nta si ya kutafuta, yeyusha kidogo changanya na mafuta, paka, futa na kitambaa. Mpini ukivunjika mwambie seremala akuchongee wa mninga, hauvimbi ovyo mvua zikija. Opinel yenyewe kwenye mvua mpini wake unavimba na bapa linagoma kutoka, zungusha pete iwe wazi kisha gonga kitako cha mpini kwenye pembe ya meza, bapa litachomoza. Usihifadhi kisu kwenye ala ya ngozi, ngozi inatunza unyevu na inakula chuma, kifunge kwenye kitambaa chenye mafuta. Na ukienda kupanda ndege au kwenye mkusanyiko wa watu kiache nyumbani.

Halafu kuna embe. Bapa la chuma cha kawaida, lisilo stenlesi, ukikatia embe linaanza kubadilika, kijivu, bluu kidogo, mawingu mawingu, wengi wanaogopa wanalisugua lote, acheni jamani, hiyo sio kutu, kutu ni ile nyekundu, hii inasaidia kulikinga bapa lisipate kutu. Kata embe, osha, kausha palepale, tone la mafuta basi. Okapi ya babu imeshakuwa nyeusi karibu yote, na msimu wa embe ukifika Novemba natoka nayo hiyohiyo, nakaa chini ya mti na watoto, namenya.