Kutumia kitenzi cha Kiingereza "abstain" bila kupotosha habari

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana anayeanza kutafsiri habari, ambaye aliandika kwamba Tanzania "ilikataa" azimio, ilhali habari ya Kiingereza ilisema "abstained", yaani haikulikataa.

Hatua ya 1: Shika maana. "Abstain" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kujizuia, na hiyo ndiyo roho yake: mtu anaweza kutenda, ila anajizuia kwa hiari. Aliyefunga Ramadhani anastahili kitenzi hiki. Mgonjwa aliyekosa hamu ya chakula hakistahili. Tumia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, kwa maana programu za kutafsiri hukupa "kuepuka" na kukuacha hapohapo.

Hatua ya 2: Weka "from". Tunasema "He abstains from alcohol". Kosa letu kubwa ni kulitumia kama "avoid", ambalo halihitaji "from".

Hatua ya 3: Kura. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza mchana mzima. Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio la kuitaka Urusi ikomeshe uvamizi wake nchini Ukraine: nchi 141 ziliunga mkono, zikiwemo Kenya na Rwanda, 5 zilipinga, na 35, zikiwemo Tanzania, Uganda na Burundi, ndizo zilizo "abstained". Ukiandika "hazikupiga kura", umezichanganya na nchi 12 ambazo kura zao hazikurekodiwa kabisa, na hesabu yako ya 35 itakuwa na kasoro, kwani msomaji makini atajumlisha na kupata 47. Ukiandika "hazikuegemea upande wowote", umeongeza sababu ambayo kura yenyewe haikuitaja. Mimi huandika "zilijizuia kupiga kura", ingawa najua wahariri wengine huona ni refu. Ufupi unaopotosha sina haja nao. Hata hivyo, kumbuka kwamba katika kukokotoa matokeo, kwa kanuni za Baraza hilo, anayejizuia hahesabiwi kuwa amepiga kura, hivyo azimio likihitaji theluthi mbili ili lipite, hizo hutafutwa katika kura za ndiyo na za hapana peke yake.

Hatua ya 4: Nomino. Kwa kura ni "abstention"; kwa pombe, chakula au tendo la ndoa ni "abstinence". Ukizibadilisha, balozi atasomeka kana kwamba ameacha pombe.