Jinsi ya Kusoma Mwili wa Sungura Unayemfuga

Hatua ya kwanza: keti sakafuni, ubavuni mwa sungura, bila kumgusa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya pua. Mkono unaomjia usoni humshtua, na akishashtuka hutaiona tabia yake ya kawaida.

Hatua ya pili: tazama masikio pamoja na kiwiliwili. Hapa ndipo wafugaji wengi wapya wanapopotea. Masikio yaliyolala mgongoni, miguu ya nyuma ikiwa imenyooshwa na macho yamesinzia, ni ya sungura aliyestarehe. Masikio hayo hayo yakibanwa nyuma kwa nguvu, mwili ukakakamaa, mkia ukainuka na akakuelekezea uso, yanakuonya kwamba yu karibu kukurukia. Kwa wale wenye masikio ya kuning'inia, tegemea zaidi mkao wa mwili.

Hatua ya tatu: fuatilia miguu. Akipiga mguu wa nyuma chini kwa kishindo, anatoa tahadhari. Usimkaripie, bali tafuta kilichomtisha. Akiruka na kujipinda hewani, hiyo ni furaha tupu. Kusugua kidevu kwenye samani si mwasho: chini ya kidevu kuna tezi za harufu, naye anatia alama ya umiliki.

Hatua ya nne, ambayo mimi huipa uzito kuliko zote: sikiliza meno. Ukimpapasa paji la uso, utasikia meno yakigusana taratibu, taya likitetema kidogo. Hiyo ni raha. Kusaga meno kwa sauti kubwa, akiwa amejikunyata pembeni na macho ameyafinya, ni maumivu. Ikiwa pia amegoma kula au hapati choo, usingoje kesho, kwa maana saa 12 bila chakula ni dharura. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya tano: usimlaze chali ili atulie. Kuganda kule ni hofu ya mnyama aliyezoea kuwindwa, si utulivu hata kidogo. Ukitaka kumkata kucha, mwegemeze kifuani mwako na uitegemeze miguu ya nyuma kwa mkono mmoja, kwani teke moja la nguvu hewani laweza kumvunja uti wa mgongo.