Zana ya kulinganisha hifadhidata ikionyesha tofauti zisizokuwepo

Kabla ya kulaumu programu, angalia ruhusa. Kwenye SQL Server (mfumo wa hifadhidata wa Microsoft), akaunti isiyo na VIEW DEFINITION, yaani ruhusa ya kuona muundo wa vitu vya hifadhidata, haioni majedwali ambayo haikupewa ruhusa yoyote juu yake. Zana inadhani hayapo, inaandika CREATE TABLE (amri ya kuunda jedwali), na skripti inakwama kwa kosa 2714: kitu chenye jina hilo kipo tayari. Endesha GRANT VIEW DEFINITION TO jina_la_mtumiaji ndani ya hifadhidata husika, kisha linganisha upya.

Tofauti za nafasi tupu na maelezo ya pembeni (komenti ndani ya msimbo) zipuuze kwenye mipangilio. Kolesheni, yaani kanuni za kupanga na kulinganisha maandishi, usiipuuze ovyo; ikitofautiana, JOIN (amri ya kuunganisha majedwali) inaweza kufeli kwa kosa 468.

Bado? Waandikie watengenezaji: toleo la zana, jibu la SELECT @@VERSION (linaloonyesha toleo la SQL Server), faili la logi, na skripti ya kuunda kitu kinachosumbua tu. Bakapu yenye data za wateja usiitume.