Somo: Klorini inavyopimwa kwenye tabaka la ozoni

Wanafunzi wangu hapa Kigoma wanaijua klorini kwa harufu ya maji ya bomba. Wakisikia kwamba ndiyo inayokula ozoni, ile gesi ya juu angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua, huuliza: nani alipanda huko akaiona? Swali hilo linastahili jibu kamili.

Hatua ya 1. Jua unachotafuta. Gesi za CFC, zile za friji za zamani zenye klorini, florini na kaboni, zikifika juu, mionzi ya jua huzivunja. Klorini inayotoka hutulia ndani ya hidrojeni kloridi na klorini naitreti, ambazo haziidhuru ozoni. Lakini Antaktika, baridi ikifika karibu nyuzi −78, hutokea mawingu ambayo juu ya chembe zake klorini hufunguliwa. Jua la Septemba likirudi, klorini huipora ozoni oksijeni na kuwa monoksidi ya klorini. Itafute hiyo. Ukiikuta, umemkamata mwizi wa mbuzi na ngozi mkononi.

Hatua ya 2. Fikisha chombo huko. Mwaka 1987 ndege ya NASA, ER-2, ilirushwa kutoka Punta Arenas, Chile, hadi kilomita 18 hivi, ikiwa na kifaa cha James Anderson wa Harvard.

Hatua ya 3. Hewa inapopita kwenye kifaa, ichanganye na nitriki oksidi. Hii huichukua ile oksijeni, zikabaki atomu tupu za klorini. Sasa zimulike kwa taa ya urujuanimno: zitang'aa, nawe utahesabu mng'ao. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wataelewa upesi, maana usiku ziwa ni jeusi mpaka taa iwake.

Hatua ya 4. Pima ozoni papo hapo, kwa wakati uleule. Usiiruke hatua hii, kwani ushahidi wote umo humu. Ndege ilipoingia kwenye tundu la ozoni, yaani eneo ambako ozoni imepungua sana, monoksidi ya klorini ilipanda ghafla na ozoni ikaporomoka, mpaka vijipindo vidogo vya grafu vikajibizana. Kila nikiichora ubaoni, darasa hunyamaza.

Hatua ya 5. Endelea kupima. Mwaka 2004 setelaiti Aura ilianza kusoma mawimbi yanayotolewa na gesi hizi zenyewe.

MASWALI

Mwanafunzi, Uvinza: Shikamoo mwalimu. Chumvi yetu ina klorini. Haipandi huko?

Jibu: Marahaba. Chumvi huyeyuka, mvua ikaishusha mapema. CFC haziyeyuki hivyo. Tena setelaiti UARS, iliyorushwa 1991, ilikuta huko juu hidrojeni floridi. Florini hiyo chanzo chake si chumvi, ni CFC.

Fundi friji, Mwanga: Friji za zamani za R-12 wengi wetu tunafungua tu, gesi inatoka. Kidogo hicho kinafika kweli?

Jibu: Kinafika, fundi wangu. R-12 ni CFC, na hudumu angani miaka 100 hivi. Tafadhali, ivute kwenye mtungi kabla hujakata bomba.