Namna ya Kumsaidia Mwanafunzi wa Shule ya Ufundi Afaulu

Mzazi wa Lubumbashi, nchini Kongo, ambaye mtoto wake anasomea umeme au mekanika asianze kwa kuuliza amepata asilimia ngapi. Aanze kwa kuuliza ni mara ngapi mtoto mwenyewe ameshika vifaa katika karakana. Pale ambapo wanafunzi wengi wanazunguka mota moja, wachache hufungua skrubu na waliobaki hunakili mchoro ubaoni, na anayenakili tu hukwama anapoambiwa atafute hitilafu. Basi mwombe mwalimu apange zamu za vikundi vidogo, au mtafutie fundi katika komuni (sehemu ya jiji) ya Kenya au Katuba, atakayempokea siku za Jumamosi bila kumgeuza mfagiaji.

Kizuizi kingine, ambacho kwa maoni yangu hupuuzwa mno, ni Kifaransa: mtoto anaweza kuunganisha nyaya sawasawa, lakini asielewe swali la Mtihani wa Taifa. Kila siku aeleze kwa Kiswahili kazi aliyofanya, kisha aandike sentensi chache za Kifaransa juu yake, ikiwezekana kabla umeme haujakatika.

Minervali, yaani karo ya shule, nayo ipangiwe akiba mapema, kwa kuwa anayerudishwa nyumbani kwa deni hukosa vipindi vya karakana, ambavyo havinakiliki kutoka daftari la jirani.